Utumwa Ulipokosa Njia ya Kurudi: Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani Viligeukia Wapi

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, wanaume watatu waliokuwa watumwa, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, waliingia kwenye mashua, wakavuka maji ya Hampton Roads katika jimbo la Virginia na kujipeleka wenyewe kwenye ngome ya Fort Monroe, iliyokuwa bado mikononi mwa jeshi la serikali ya Marekani. Bwana wao, kanali upande wa waasi wa majimbo ya Kusini yaliyokuwa yakijitenga, alikuwa amewatoa wakajenge mahali pa kuwekea mizinga ng'ambo ya pili, nao walikuwa na habari kwamba wangehamishwa kusini zaidi, mbali na wake zao na watoto wao. Vita vilikuwa na umri wa wiki sita tu. Hakuna aliyewaita, wala hapakuwa na sheria ya kuwalinda, kwa maana sheria ya mwaka 1850 ilitaka kila mtumwa mtoro arudishwe kwa mwenyewe, hata akikamatwa katika jimbo lisilo na utumwa.

Ninaanza na hao watatu, wala sianzi na uwanja wa vita wa Gettysburg ambao ndio hutajwa kwanza kila vita hivi vinapozungumzwa, kwa sababu swali la wapi vita viligeuka halijibiki kabla ya kujua vilikuwa vikielekea wapi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tangu vianze, serikali ya Washington haikupigana kuondoa utumwa. Ilipigana kuirudisha nchi kama ilivyokuwa, na nchi kama ilivyokuwa ilikuwa na watumwa. Kwa hiyo sitauhesabu kuwa mgeuko kila ushindi uliopigiwa kengele za makanisa. Nitauhesabu ule tu ambao baada yake utumwa ulipoteza njia ya kurudi ambayo jana yake ulikuwa nayo.

Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watu wapatao milioni 31 nchini Marekani, na karibu milioni nne kati yao walikuwa watumwa. Katika hesabu za wamiliki wao, watu hao walikuwa mtaji uliozidi thamani ya reli na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa, na pamba waliyoilima na kuichuma ilileta zaidi ya nusu ya mapato ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza ng'ambo. Abraham Lincoln alipochaguliwa kuwa rais Novemba 1860, hakuahidi kuugusa utumwa pale ulipokuwapo. Ahadi yake ilikuwa kuuzuia usienee katika maeneo mapya ya magharibi. Hata hilo wenye mashamba makubwa hawakulivumilia, kwa kuwa kila jimbo jipya lisilo na utumwa lingewapunguzia nguvu katika Seneti, na walijua kwamba siku moja wangezidiwa kura. South Carolina ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860, majimbo mengine sita yakafuata kabla Lincoln hajaapishwa, na baada ya ngome ya Fort Sumter kupigwa mizinga tarehe 12 Aprili 1861, manne zaidi yakajiunga. Likapatikana Shirikisho la majimbo 11, ambalo punde lilihamishia makao yake makuu Richmond, Virginia. Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba ugomvi ulihusu haki za majimbo. Waasi wenyewe hawakusema hivyo walipokuwa wakiondoka: makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alitangaza mjini Savannah Machi 1861 kwamba jiwe la pembeni la serikali yao ni imani kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili.

Jambo linalowachanganya wasomaji wengi ni kwamba si kila jimbo lenye utumwa liliasi. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri yalibaki ndani ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini uliobaki chini ya serikali ya Washington, pamoja na watumwa wake. Maryland iliuzunguka mji mkuu wa Washington kwa pande tatu, na Kentucky ilishika kingo za mto Ohio. Kuyapoteza majimbo hayo kungekuwa karibu sawa na kushindwa vita. Ndiyo sababu Lincoln, ambaye binafsi aliuchukia utumwa, alitengua amri za majenerali wake wawili waliojaribu kuwatangazia watumwa uhuru mapema, John Frémont huko Missouri mwaka 1861 na David Hunter katika pwani ya kusini mwaka 1862. Anayemlaumu kwa kusitasita ana haki ya kumlaumu, lakini aanze kwa kuitazama ramani.

Turudi Fort Monroe. Kesho yake alifika mjumbe wa waasi chini ya bendera nyeupe kuwadai wale watoro watatu kwa sheria ya mwaka 1850. Kamanda wa ngome, Jenerali Benjamin Butler, alikuwa mwanasheria kabla ya kuvaa magwanda. Alijibu kwamba Virginia imejitangaza kuwa nchi ya kigeni, na sheria ya Marekani haiidai Marekani chochote kwa ajili ya nchi ya kigeni. Zaidi ya hayo, watu hao walikuwa wakitumika kujenga ngome za adui, na mali inayomsaidia adui vitani hutekwa. Hoja hiyo ina uchungu wake, kwa sababu iliwaokoa watu kwa kuendelea kuwaita mali. Hata hivyo ilifungua lango. Habari zilienea mashambani kwa mdomo, na baada ya wiki chache mamia walikuwa wamefika, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, hata wale ambao hawakuwahi kujenga ngome ya mtu yeyote. Mahali penyewe paliitwa Point Comfort, palepale ambapo Agosti 1619 meli ilishusha Waafrika 20 na ushei waliotekwa Angola, wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za koloni la Virginia.

Huu, kwa maoni yangu, ndio mgeuko wa kwanza, na haukuwa na jenerali aliyeupanga. Kila jeshi la Kaskazini liliposogea, watoro walilifuata, na kila ofisa alilazimika kuamua: awarudishe watu wanaojua njia, vivuko na maficho ya adui, awakabidhi kwa adui huyohuyo, au awapokee? Kongresi iliidhinisha kutekwa kwa watumwa waliotumikishwa katika kazi za kijeshi za waasi kwa sheria ya Agosti 1861, ikawakataza maofisa kuwarudisha watoro Machi 1862, ikaufuta utumwa katika mji wa Washington Aprili mwaka huohuo, kisha Julai ikatangaza kuwa huru watumwa wa waasi wote watakaoingia mikononi mwa jeshi. Sheria zilikuwa zikiikimbilia hali ambayo watoro walikwisha kuiumba kwa miguu yao.

Pamoja na hayo, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1862 vita vilikaribia kwisha huku utumwa ukiwa hai. New Orleans, mji mkubwa kuliko yote ya Shirikisho, ulikuwa umetekwa Aprili. Jenerali George McClellan aliongoza askari zaidi ya 100,000 hadi wakazisikia kengele za makanisa ya Richmond. Angeuteka mji huo Juni, yamkini waasi wangeomba masharti, na masharti ambayo Washington ilikuwa tayari kuyatoa wakati ule yangewaachia watumwa wengi waliobaki mashambani. Tarehe 1 Juni jeshi la waasi likapewa kamanda mpya, Robert E. Lee, baada ya aliyemtangulia kujeruhiwa. Kwa siku saba za mapigano makali mwishoni mwa mwezi huo, Lee alimrudisha McClellan nyuma hadi kingo za mto James. Kusini ilisherehekea. Ushindi huo ndio uliorefusha vita kiasi cha kuifanya Kaskazini ikubali kwamba haiwezi kuushinda uasi bila kuung'oa mzizi wake. Lee, aliyepigania jamii ya wenye watumwa, aliunyima utumwa nafasi yake bora ya kusalimika.

Tarehe 22 Julai 1862, wiki tatu tu baada ya mapigano hayo, Lincoln aliwasomea mawaziri wake rasimu ya tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Waziri wa Mambo ya Nje, William Seward, alimshauri asubiri ushindi, ili tangazo lisionekane kilio cha serikali inayozama. Rasimu ikawekwa kando kwa miezi miwili. Septemba Lee alivuka kuingia Maryland, na hapo likatokea jambo dogo: askari wa kikosi cha Indiana waliokuwa wakipumzika kwenye uwanja ambao maadui walikuwa wamepiga kambi kabla yao waliokota karatasi iliyofungiwa sigara tatu, nayo ilikuwa nakala ya amri ya Lee ikieleza jinsi alivyoligawanya jeshi lake. McClellan alikwenda taratibu hata akiwa na siri hiyo mkononi, lakini tarehe 17 Septemba majeshi mawili yalikutana kando ya kijito cha Antietam. Watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja, na hakuna siku nyingine ya umwagaji damu mkubwa kama huo katika historia ya kijeshi ya Marekani. Lee alirudi Virginia. Kijeshi ulikuwa karibu sare, lakini uliitwa ushindi, na Lincoln hakuhitaji zaidi ya hapo. Siku tano baadaye alitoa onyo: jimbo lolote litakalokuwa bado katika uasi ifikapo tarehe 1 Januari 1863, watumwa wake watakuwa huru milele.

Tangazo la Ukombozi, lililotolewa tarehe hiyo ya 1 Januari 1863, husemwa vibaya kwa pande mbili. Wengine hudhani liliwaacha huru watumwa wote siku hiyo. Wengine hulidharau kwamba halikumwacha huru hata mmoja, kwa kuwa liliyaruka majimbo manne yaliyobaki katika Muungano, pamoja na Tennessee na sehemu za Louisiana na Virginia zilizokuwa zimekwisha kutekwa. Sababu ya mipaka hiyo ilikuwa ya kikatiba. Rais hakuwa na mamlaka ya kufuta mali ya raia wakati wa amani. Alikuwa na mamlaka ya amiri jeshi dhidi ya adui, na mamlaka hayo yaliishia pale uasi ulipoishia. Hata hivyo, katika Visiwa vya Bahari vya South Carolina, ambavyo jeshi la wanamaji lilikuwa limeviteka tangu Novemba 1861, maelfu waliamka huru asubuhi ile. Zaidi ya hao, tangu siku hiyo kila maili ambayo jeshi liliisogea ilikuwa maili ya uhuru kwa mujibu wa sheria, na askari aliyekuwa akipigania bendera tu akawa, apende asipende, mbeba uhuru.

Tangazo hilo lilifunga njia nyingine pia, ile ya Ulaya. Waasi waliamini kwamba Uingereza, ambayo viwanda vyake vya Lancashire vilitegemea pamba yao, ingelazimika kuwatambua, na Oktoba 1862 waziri wa fedha wa Uingereza, William Gladstone, alisema hadharani kwamba viongozi wa Kusini wamekwisha kuumba taifa. Lakini serikali iliyokuwa ikijivunia kupiga vita biashara ya utumwa baharini isingeweza kirahisi kusimama na wenye watumwa dhidi ya serikali inayowakomboa. Wafanyakazi wa Manchester, ambao wengi walikuwa na njaa kwa kukosa pamba, walikutana siku ya mwisho ya mwaka 1862 na kumwandikia Lincoln barua ya kumuunga mkono. Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuukumbuka msukosuko huo. Kile kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kilichoitwa merikani, kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na ambacho misafara ya bara ilikitumia kama fedha ya kununulia chakula, pembe za ndovu na hata watu, kilifumwa Kaskazini kwa pamba ya watumwa wa Kusini. Vita vilipoikatiza pamba hiyo, merikani iliyofika Unguja ilipungua mno, na vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Uzi mmoja ulikuwa umeufunga utumwa wa ng'ambo mbili za dunia.

Julai 1863 ndiyo hupewa heshima kubwa. Kwa siku tatu, tarehe 1 hadi 3, Lee alishindwa Gettysburg, Pennsylvania, na hasara ya pande zote mbili ilifika takriban watu 51,000. Tarehe 4, Jenerali Ulysses Grant alipokea kusalimu amri kwa Vicksburg baada ya mzingiro wa siku 47, pamoja na askari wapatao 29,000. Katika hayo mawili naipa uzito Vicksburg, kwa kuwa iliuweka mto Mississippi wote mikononi mwa Muungano siku chache baadaye, ikaligawa Shirikisho vipande viwili na kulifungulia jeshi bonde lenye mashamba makubwa kuliko yote. Kuhusu Gettysburg, kipo kisa kisichosimuliwa vya kutosha: jeshi la Lee lilipokuwa Pennsylvania liliwakamata watu weusi, wakiwamo waliozaliwa huru, likawapeleka kusini kuwa watumwa. Hivyo ndivyo ushindi wa upande ule ungekuwa.

Mwaka huohuo Tangazo lilikuwa limeanza kuzaa tunda lake zito kuliko yote, yaani askari weusi. Walipigana Port Hudson tarehe 27 Mei na Milliken's Bend tarehe 7 Juni, na tarehe 18 Julai kikosi cha 54 cha Massachusetts kiliuvamia ukuta wa mchanga wa Fort Wagner na kupoteza karibu nusu ya watu wake. Walilipwa dola 10 kwa mwezi na kukatwa tatu za sare, ilhali mzungu alipata 13 bila makato hayo, na wengi wa kikosi hicho walikataa kupokea hata senti mpaka Kongresi iliposawazisha malipo Juni 1864. Wakitekwa, walikabiliwa na kuuzwa au kuuawa. Huko Fort Pillow, Tennessee, tarehe 12 Aprili 1864, wengi waliuawa wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Hadi mwisho, wapatao 179,000 walitumika katika jeshi la nchi kavu na karibu 19,000 katika jeshi la wanamaji, na wengi wao walikuwa watumwa vita vilipoanza. Kila mmoja wao alikuwa mkono uliopungua shambani kwa adui na bunduki iliyoongezeka upande wa pili.

Basi mtu angeweza kusema kwamba jambo lilikuwa limekwisha. Halikuwa limekwisha, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asikimbilie mwisho, kwa sababu majira ya joto ya 1864 yalikuwa ya hatari kuliko mwaka wowote uliotangulia. Grant, sasa kamanda wa majeshi yote, alipoteza makumi ya maelfu ya watu kati ya Mei na Juni akielekea Richmond, kisha akakwama mbele ya mahandaki ya Petersburg. William Sherman alikuwa amekwama nje ya Atlanta. Uchaguzi wa rais ulikuwa Novemba. Chama cha Demokrasia, kilichomteua McClellan, kilikutana Chicago mwishoni mwa Agosti na kuandika katika ilani yake kwamba mapigano yasitishwe ili kuwe na mazungumzo. McClellan mwenyewe alitaka kwanza Muungano urudi, lakini hakuweka kuondolewa kwa utumwa kuwa sharti. Ndani ya chama cha Lincoln wapo waliomsihi aliache sharti hilo. Aliwaambia wageni wawili Agosti hiyo kwamba akiwarudisha utumwani mashujaa weusi wa mapigano ya Port Hudson na ya Olustee huko Florida, atastahili laana ya sasa na ya milele. Tarehe 23 Agosti aliandika karatasi kwamba yaelekea hatachaguliwa tena, akaikunja, akawataka mawaziri wake watie saini nyuma yake bila kuisoma.

Siku kumi baadaye Atlanta ikaanguka. Sherman alikuwa ameikata reli ya mwisho iliyoulisha mji, waasi wakauhama usiku, na tarehe 2 Septemba meya akaukabidhi. Hali ya nchi ilibadilika kwa kasi ya simu za waya. Tarehe 8 Novemba Lincoln alipata asilimia 55 ya kura za wananchi na kura 212 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 21. Askari, ambao ndio wangekufa kama vita vingeendelea, walimpigia kwa wingi kuliko raia. Ningeambiwa nichague siku moja tu ambayo ingeenda kombo na kuurudishia utumwa uhai, nisingechagua Gettysburg. Ningeichagua siku hiyo ya kura.

Ushindi huo ulifungua njia ya kuuzika utumwa katika Katiba, mahali ambapo mahakama wala rais ajaye asingeweza kuufukua kwa hoja kwamba Tangazo lilikuwa hatua ya vita tu. Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kufuta utumwa, yalikuwa yamekataliwa na Baraza la Wawakilishi Juni 1864. Tarehe 31 Januari 1865 yalipita kwa kura 119 dhidi ya 56. Na Machi 13, Kongresi ya Shirikisho lenyewe, ikiwa imeishiwa watu, ilipitisha sheria ya kuwaandikisha weusi jeshini, ingawa mmoja wa majenerali wake, Howell Cobb, alikuwa ameonya kwamba watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yote ya utumwa ni batili. Richmond iliachwa Aprili 2, na askari weusi walikuwa miongoni mwa walioingia kesho yake asubuhi. Lee alisalimu amri Appomattox tarehe 9. Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 na kufa kesho yake. Vita viliua watu wanaokadiriwa kati ya 620,000 na 750,000. Huko Galveston, Texas, habari za uhuru zilitangazwa rasmi na jeshi tarehe 19 Juni 1865, na katika Kentucky na Delaware, majimbo yaliyokuwa upande wa washindi, watu waliendelea kushikwa watumwa hadi Marekebisho yalipoidhinishwa Desemba mwaka huo.

Mgeuko mmoja, hata hivyo, ulirudishwa nyuma. Januari 12, 1865, Sherman na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, walikutana Savannah na viongozi 20 wa makanisa ya weusi. Msemaji wao, mchungaji Garrison Frazier, mwenye umri wa miaka 67, aliyekuwa amejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000, aliulizwa wangejitunzaje wakiwa huru. Alijibu kwamba njia bora ni kupata ardhi na kuilima kwa nguvu zao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri ya kuwatengea pwani na visiwa kuanzia Charleston hadi kaskazini mwa Florida, kila familia isizidi ekari 40, na watu wapatao 40,000 wakahamia na kupanda. Lakini hiyo ilikuwa amri ya jeshi, haikuwa sheria ya kudumu wala kifungu cha Katiba, na rais mpya, Andrew Johnson, alianza kuwasamehe wamiliki wa zamani na kuwarudishia mashamba. Oktoba 1865 alimtuma Jenerali Oliver Howard kisiwani Edisto awaambie wakulima watoke. Walijaa kanisani kumsikiliza, na alipokuwa akitafuta maneno, sauti kutoka roshani ilimuuliza kwa nini anawanyang'anya ardhi yao. Waliunda kamati, wakamwandikia rais kumwomba haki ya kuinunua. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilirudishwa kwa waliokuwa mabwana zao.